Mistari Aliyoiruka Jicho

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho alichokitundika shingoni, lakini pale kazini hakuna aliyelitumia. Walimwita Jicho. Hata bosi, mtu aliyebania maneno kama yananunuliwa, alikuwa akifungua mlango wa chumba cha mtandao na kuuliza, "Jicho yupo?" Kama hayupo, hufunga mlango akaenda zake. Jicho alilipenda jina hilo kuliko mshahara. Mshahara kila mtu alipata mwisho wa mwezi. Jina lile lilikuwa lake peke yake.

Alilipata hivi. Kampuni ile ilikodisha kompyuta, ila si kompyuta za kubeba ukaweka mezani. Ndani ya mashine moja kubwa ya chuma waliweka kompyuta nyingi zisizoshikika, kila moja ikidhani iko peke yake duniani, na mwenye duka huko mitaani huitumia bila kujua majirani zake ni kina nani. Ili kompyuta hizo ziongee bila kugombana palikuwa na swichi. Swichi yenyewe haikuwa kisanduku chenye matundu ya nyaya. Ilikuwa programu tu, iliyojaa kanuni: ukiona pakiti, yaani kifurushi cha habari, ya namna hii, ipeleke kule, ukiona ya namna ile, itupe. Mambo yakiharibika, fundi huiambia swichi itaje kanuni zake zote, nayo hutapika mistari mpaka skrini inachoka. Kila mstari una umri wa kanuni, idadi ya pakiti zilizopita, alama, anwani ndefu, na mwishoni neno la hukumu. Watu wa kawaida wakiiona mistari ile hukumbuka kwamba hawajanywa maji. Jicho yeye aliweka kidole kwenye skrini akakishusha taratibu, midomo ikichezacheza, mpaka kidole kikasimama. "Huyu hapa mchawi," husema. Na kweli, huyo ndiye.

Mtu huyu, kwa mkono wake mwenyewe, ndiye aliyemleta wifi yake kazini. Mdogo wake wa kiume alikuwa ameoa mwanamke mpole mwenye sauti ya chini, aliyesomea kompyuta, akamaliza, akakaa nyumbani bila kazi. Mama yao akamsihi Jicho, "Mwanangu, mtazamie mwenzio." Jicho akaongea na bosi, bosi akakubali, na siku ya kwanza akamvutia wifi kiti kando ya meza yake. "Kaa hapa, wifi. Usiguse kitu, tazama tu." Mzee wa Nyaya, fundi mnene wa kupitisha nyaya darini ambaye ulimi wake haukujua likizo, akatangaza kwamba sasa ofisi ina wifi mbili: moja inakatika kila saa, nyingine ndiyo kwanza imewashwa. Watu wakacheka, na Jicho akacheka. Siku hizo alikuwa bado anacheka.

Wifi akakaa, akatazama. Hakuwa mtu wa maswali mengi, ila yake yalikuja kutoka pembeni.

"Wifi, mbona mistari hiyo umeipita?"

"Hiyo? Hiyo ni salamu tu."

Kompyuta moja kabla ya kuongea na nyingine hupiga ukelele kwanza: mwenye anwani fulani ni nani? Mwenyewe huitika: ni mimi. Kanuni zinazosimamia kelele hizo ndizo Jicho alizoziita salamu. "Salamu haijawahi kumvunjia mtu nyumba," akasema. "Pita."

"Na hii yenye sifuri?"

"Haijapitiwa na pakiti hata moja. Mtu ambaye hajafanya kazi utamlaumu kwa lipi? Pita."

Wifi akaitikia kwa kichwa. Jicho alifurahi kupata mwanafunzi asiyebisha, na mara kadhaa aligundua kwamba mwanafunzi huyo haangalii skrini hata kidogo, anaangalia mkono wake. Akadhani anapenda pete aliyovaa.

Baada ya miezi kadhaa, asubuhi moja, wifi alisimama katikati ya chumba, mikono nyuma, akasema ameandika kitu kidogo. Unaiambia swichi itaje mistari yake kama kawaida, lakini kabla haijafika kwenye skrini inapita kwenye programu yake kwanza. Programu inafuta umri wa kanuni na alama zisizomhusu mtu, inatupa mistari isiyo na maana, inayobaki inaipanga mteja kwa mteja, na zile anwani ndefu inazigeuza majina yanayotamkika: duka, stoo, ofisi. Akabonyeza kitufe. Yale mafuriko yaliyokuwa yakijaza skrini baada ya skrini yakaja yakiwa mistari michache, imekaa kwa adabu.

Wa kwanza kusema alikuwa Mzee wa Nyaya, aliyekuwa hajawahi kuelewa kanuni moja ya swichi tangu azaliwe. Alisogeza uso karibu na skrini. "Hata mimi naona," akasema. "Hapo duka linaongea na ofisi. Jamani, hata mimi."

Neno hilo lilimwingia Jicho mbavuni. Kama hata Mzee wa Nyaya anaona, Jicho ni wa kazi gani? Wifi akaanza kusema, "Na mjue kitu hiki nimekitoa kwa..." lakini Jicho alikuwa ameshachukua kikombe chake na kutoka, kwenda kutafuta chai ambayo hakuwa na hamu nayo. Aliporudi tayari walikuwa wamekipa kitu kile jina. Walikiita Chujio.

Tuseme ukweli, hakuna sababu ya kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa: Jicho aliona wivu. Si ule wivu mdogo wa kumtamani mtu kiatu chake. Huu ulilala naye na kuamka naye, ukatangulia kufika kazini. Bosi akaanza kufungua mlango na kuuliza, "Wifi yupo?" Wifi ya nani, bosi? Umekuwa wa kwetu lini? Jicho aliyameza maneno hayo na mate yake. Wateja wakaanza kupiga simu wakimtaka yule dada wa chujio. Fundi aliyekuwa akija kumuuliza Jicho jambo sasa alimpita mezani akiwa na haraka, akabonyeza kitufe, akapata jibu, akaenda kula.

Jicho mwenyewe hakuligusa Chujio. "Mimi sijazoea kutafuniwa," alisema walipomwalika. Akaendelea kusoma mistari yote kwa macho, kidole kikishuka, huku wenzake wakimaliza na kuanza soga nyuma ya mgongo wake. Macho yakaanza kumwaga machozi kufikia mchana. Akanunua dawa ya matone, akaificha kwenye droo chini ya leso, maana Jicho anayetiwa dawa ya macho ni kichekesho ambacho Mzee wa Nyaya angekila mwaka mzima.

Na palikuwa na jambo la kiti. Mkuu wa chumba alikuwa amehamia kampuni nyingine, na kiti chake kikabaki wazi pale dirishani, chenye mgongo mrefu na simu ya wateja kando yake. Bosi alisema atampa mtu kabla mwaka haujaisha. Mwanzoni kila mmoja alijua ni cha Jicho. Hata wafagiaji walimtania wakimwita mkuu. Baada ya Chujio utani ule ukakoma. Siku moja wakati wa chai watu walikuwa wakikitazama kiti kile, na Mzee wa Nyaya, aliyekalia bunda lake la waya, akapumua akasema, "Aliyekupa wewe kiti ndiye aliyenipa mimi kumbi." Wakacheka wote. Jicho alimtazama wifi ili aone kama amecheka kama mtu anayejua kiti ni chake. Alicheka kama watu wengine tu, na hilo nalo Jicho akalikasirikia.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Siku ya mapumziko walikutana kwa mama, na mama alikuwa ameketi, simu yake imelala mapajani.

"Simu yangu imetulia, mwanangu," mama akasema. "Ilikuwa inalia kutwa. Matangazo, bahati nasibu, watu nisiowajua. Mkwe wangu amekaa nayo kidogo tu, na sasa ikilia najua ni mtoto wangu."

Jicho ndiye aliyekuwa ameahidi kuitengeneza simu hiyo. Aliahidi siku nyingi, kila siku ilikuwa kesho. "Mama, ukichuja sana utakuja kukosa simu ya maana," akasema.

"Ya maana ni ipi kupita zenu?"

Mdogo wake, mdomo umejaa chakula, akadhani anamliwaza. "Dada, mke wangu hana wimbo mwingine zaidi yako. Anasema kila anachokijua amekipata kwako."

"Mwambie ahsante," Jicho akasema. Lakini sifa zinazotoka kwa mtu anayekushinda zina uchungu wake, na yeye alizisikia kama sadaka. Wifi akatoka jikoni, mikono imelowa, akaona sahani haijaguswa. "Wifi, mbona huli?"

"Nimeshiba."

Hakuwa ametia kitu tumboni tangu asubuhi. Wivu nao hushibisha.

Basi ikaja habari ya Mama wa Mikate. Mama huyu alikuwa na maduka ya mikate mitaa mbalimbali, na kila duka lilikuwa na kompyuta yake ya kukodi ndani ya ile mashine kubwa. Stoo yake nayo ilikuwa na yake. Asubuhi kila duka huiuliza stoo mikate iliyopo, kisha huagiza. Wiki hiyo duka moja likafungua mlango, halikuiona stoo. Kesho yake likafuata lingine. Mengine yalikuwa mazima, yanaagiza kama kawaida, na hakuna aliyeweza kusema kwa nini hili limepofuka na lile linaona.

Mama wa Mikate akapiga simu, na sauti yake ilisikika chumba kizima bila kuwekewa spika. Jicho ndiye aliyepokea.

"Nipe yule wa chujio."

Jicho akampa wifi mkono wa simu akiushika kwa vidole viwili.

Wifi akaendesha Chujio. Safi. Maduka yameruhusiwa kuongea na stoo, stoo imeruhusiwa kujibu, hakuna kilichozibwa. Akaendesha tena, akakaza macho, safi. Bosi akaja akasimama nyuma yake. Wakati wamesimama hivyo duka lingine likapofuka, na Mama wa Mikate akapiga kusema kwamba wiki haiishi kabla hajahamisha kompyuta zake zote kwa watu wanaojua kazi yao. Alikuwa mteja mkubwa kuliko wote. Bosi akaweka simu chini. "Atakayempata mchawi huyu," akaanza, kisha akatazama kile kiti cha dirishani, hakumaliza. Hapakuwa na haja ya kumaliza.

Jicho alikuwa mezani kwake, uso mkavu, moyoni anapiga vigelegele. Chujio limeshindwa. Limeshindwa mbele ya bosi, mchana kweupe. Furaha hiyo haikuwa nzuri, lakini ilikuwa furaha, na alikuwa hajaionja siku nyingi. Akaacha wifi ahangaike kidogo zaidi, kisha akainuka na kunyoosha gauni.

"Liondoeni hilo chujio," akasema. "Nileteeni mistari yote, kama ilivyotoka kwa swichi yenyewe."

Wifi akampisha. Watu wakasogea. Jicho akaweka kidole juu ya skrini akaanza kukishusha, na chumba kizima kikakifuata kidole. Alijisikia kama zamani. Maduka, sawa. Stoo, sawa. Ofisi, sawa. Kidole kikashuka, kikashuka, kikafika chini kabisa, hakikusimama popote.

"Narudia," akasema.

Akarudia. Sasa alisoma polepole zaidi, na jasho likamtoka puani. Kidole kikafika chini tena. Mtu mmoja akakohoa. Jicho hakugeuka, maana alijua akigeuka atakuta nyuso, na nyuso hizo zitakuwa zinamhurumia.

"Bosi, usimlaumu," ilisikika sauti ya wifi. "Ni lazima tuambulie patupu wote wawili. Chujio ni yeye."

"Ni yeye kivipi?" bosi akauliza.

"Mimi sikubuni kitu. Nilikaa kando yake nikatazama kidole chake. Alipopita haraka, nikaiandikia programu itupe mistari ya aina ile. Alipopunguza mwendo, nikaiandikia iibakize. Chujio linaruka anavyoruka yeye. Nilitaka kuwaambia siku ile ya kwanza, mkawa mmeanza kushangilia."

Jicho aligeuka. Miezi yote ile ya kumwonea mwenzake gere ikamjia kwa mkupuo. Kumbe zile sifa zote zilikuwa zake. Bosi aliyefungua mlango akiuliza wifi yupo, alikuwa akimuuliza yeye. Wateja waliomtaka dada wa chujio walimtaka yeye. Alikuwa amekaa mlangoni mwa karamu yake mwenyewe akiwaonea wivu walioingia.

"Umesikia, bosi?" akasema, sauti ikatoka juu kuliko alivyokusudia. "Umesikia kwa masikio yako. Chujio ni langu. Kila mstari lilioutupa, mimi ndiye niliyesema utupwe. Hawa wote ni mashahidi."

Mzee wa Nyaya akainua mkono. "Mimi shahidi."

Wifi alimtazama Jicho, na machoni mwake kulikuwa na kitu ambacho Jicho hakukielewa wakati ule. Ilikuwa huruma. "Sasa wifi," akasema taratibu, "kama wewe hukuona na chujio halikuona, basi tuangalie mnachokitupa."

Akakaa, akabadilisha neno moja kwenye programu, mambo yakageuka: kilichokuwa kinabaki kitupwe, kilichokuwa kinatupwa kije. Yakaja makapi. Zilikuwa salamu tupu, mstari juu ya mstari. Wifi akaomba yaletwe tena, na tena, ili aone namba zipi zinabadilika. Mstari mmoja ulikuwa unapanda. Kila walipoutazama ulikuwa umekula pakiti nyingine, na mwishoni mwake hukumu ilikuwa ni kutupa. Zilikuwa salamu za stoo.

Ikaeleweka hapo hapo. Mkuu wa zamani, kabla hajahama, alikuwa ameweka ulinzi ili kompyuta yoyote isijifanye nyingine: salamu ya stoo ikubaliwe tu kama imetoka kwenye anwani ya stoo. Katika kuiandika anwani hiyo akakosea tarakimu moja. Tangu hapo stoo ikiitika "ni mimi", swichi inaiona tapeli, inaitupa salamu yake. Maduka yaliyokuwa yameshaijua stoo yaliendelea kuongea nayo miezi hiyo yote, maana kompyuta zao ziliachwa zikiwaka mpaka wiki hii zilipoanza kuzimwa moja moja. Duka likizima kompyuta na kuiwasha, husahau, huuliza upya, stoo hujibu, na jibu halifiki. Ndiyo maana yalikuwa yakipofuka moja moja, kila moja kwa siku yake.

Wifi akasahihisha tarakimu. Baada ya muda kidogo Mama wa Mikate akapiga simu kusema anaiona mikate yake, akakata bila kuaga.

Watu walianza kupumua, lakini bosi hakuondoka. "Mistari hiyo ya salamu," akauliza, "nani aliagiza itupwe?"

Nyani haoni kundule, watu husema, na kawaida maneno hayo husemwa nyani akiwa hayupo. Jicho alifungua mdomo. Alikuwa ameshadai mali yake mbele ya mashahidi, dakika chache tu zilizopita, na sasa mali ilikuwa imeletwa mlangoni pamoja na deni lake. Mzee wa Nyaya, shahidi namba moja, aliinua uso akaanza kukagua dari.

"Mimi, bosi," wifi akasema. "Kidole hakikuniagiza kuandika. Niliandika mwenyewe, na sikuuliza vya kutosha kwa nini kinapita."

Bosi aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, akatoka. Jicho alikuwa na nafasi ya kusema neno mpaka mlango unafungwa. Hakulisema. Jioni ile alipita njia ya nyuma ili asifuatane na wifi kwenda kituoni.

Siku kadhaa baadaye bosi alimwita ofisini kwake. Hakumkaribisha kuketi.

"Kiti cha dirishani ni chako. Uanze leo."

Moyo wa Jicho uliruka. Alikuwa na maneno aliyoyatunza kwa siku hiyo, akayatoa. "Ahsante sana, bosi. Nilijua tu siku moja kazi yangu itaonekana."

Bosi alikuwa anapanga karatasi zake. "Nilimpa wifi yako kwanza," akasema. "Amekataa."

Jicho akabaki amesimama. "Alisemaje?"

"Muulize mwenyewe."

Njia ya kurudi chumbani ilikuwa fupi, lakini ilimtosha kufikiri. Angeweza kugeuka, akarudi, akasema na yeye hakitaki. Aliisikia hata sauti yake ikisema hivyo, nzuri, yenye heshima zake. Miguu haikugeuka. Alikitaka kile kiti. Alikitaka hata baada ya kujua kwamba amepewa alichobakiza mwenzake.

Alimkuta wifi akikifuta vumbi kwa kitambaa.

"Kwa nini umekataa?"

"Kiti hiki kina simu, wifi," wifi akasema, akacheka kidogo. "Nani anataka kugombezwa na Mama wa Mikate kila asubuhi? Mimi kona yangu inanitosha."

Jicho aliutafuta uso ule. Alitafuta majivuno, alitafuta kejeli, alitafuta ile furaha ya mtu anayejua amekupa. Hakuona kitu. Lakini tangu siku ya makapi, kutoona kitu hakukuwa ushahidi tena.

Hapo wivu wake ukafika chini kabisa. Haukuwa tena wa Chujio, wala wa simu ya mama, wala wa bosi na mlango wake. Alimwonea wivu mtu anayeweza kupewa kitu kama kile, akakitazama, akakiacha, kisha akarudi nyumbani akala na kulala. Yeye hakuwa na uwezo huo na hakujua unapatikana wapi. Akaketi. Kiti kilikuwa kizuri kama alivyokuwa akikidhania, na mgongo wake ulienea vizuri, naye akaumia.

Mchana huo kukatokea hitilafu nyingine, ya mteja mdogo tu. Jicho akaiambia swichi itaje mistari yake yote. Akaweka kidole juu ya skrini. Kidole hakikushuka. Alikuwa anajaribu kukumbuka ni mistari ipi huwa anairuka, na hakuweza, kwa sababu mtu angekijua anachokiruka asingekiruka. Katika miaka yote ya kazi hiyo watu walikuwa wakitazama kile anachokionyesha. Ni mmoja tu aliyekuwa amemtazama yeye.

"Wifi," akaita. "Vuta kiti uje."

Wifi akaja na kiti chake. "Tusome wote?"

"Hapana. Mistari nitasoma mimi." Jicho akakirudisha kidole juu ya skrini. "Wewe nitazame mimi."

Wifi akakaa kando yake, mikono mapajani, akatulia. Jicho akaanza kushusha kidole, mstari mmoja mmoja, uso ukimwaka kwa kujua kwamba wifi anaona kila kitu, na hakumwambia aache.